Kabati la dosie katika biro ya kanisa: namna ya kuchagua linalofaa

Katika parokia zetu nyingi, kabati la kutunzia karatasi hununuliwa mwisho kabisa. Kwanza tunajenga, tunapiga bati, tunanunua viti na vyombo vya muziki. Karatasi za kanisa hubaki katika mfuko wa mchungaji, chini ya kitanda cha sekreteri, au ndani ya katoni iliyowekwa kwenye kona ya sakristia. Siku mtu anapokuja kudai sehemu ya kiwanja, au mjane wa mchungaji anapoulizwa mume wake alianza kazi mwaka gani, ndipo tunaanza kutafuta. Mara nyingine tunapata. Mara nyingine panya na mchwa walitutangulia.

Kwa sababu hiyo tunaandika habari hii kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, masekreteri na watunza hazina wa makusanyiko yetu ya mashariki. Tutaeleza namna ya kuchagua kabati la dosie kulingana na kazi, mahali na hatari tulizo nazo. Si jambo la mjini tu. Hata kanisa dogo la kijijini lina karatasi ambazo likizipoteza litaumia.

Biblia inajua kazi hii

Wengine watasema kwamba mambo ya kabati si ya kiroho. Tusome Yeremia 32. Yerusalemu ilikuwa imezungukwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi. Wakati huo Mungu alimwambia anunue shamba la Hanameli, mwana wa mjomba wake, kule Anathothi. Yeremia alipima fedha shekeli 17, akaandika hati, akaweka mashahidi, akatia muhuri. Hati zilikuwa mbili: moja iliyofungwa kwa muhuri na nyingine iliyo wazi. Kisha alimwagiza Baruku aziweke zote mbili ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Tuangalie vizuri. Nabii hakuishia kwenye maombi. Alichagua chombo. Chombo cha udongo kilifaa katika nchi ile kavu, kilizuia wadudu, na kingeweza kufichwa. Tena kulikuwa na nakala mbili. Kwa Yeremia, kutunza hati katikati ya vita kulikuwa tendo la imani: watu watarudi, watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi hii.

Mfano wa pili uko katika Ezra 6. Wayahudi walipozuiwa kujenga Hekalu, mfalme Dario aliamuru watafute katika nyumba ya kumbukumbu. Gombo lenye amri ya Koreshi lilipatikana Akmetha, katika nchi ya Wamedi, miaka mingi baada ya kuandikwa. Kazi ya Mungu iliendelea kwa sababu kuna mtu, ambaye jina lake hatulijui, aliyeweka karatasi mahali pake.

Kwanza, tujue tuna karatasi gani

Kosa la kwanza wakati wa kununua ni kuanza na kabati. Tuanze na karatasi. Siku moja sekreteri na wazee wawili wakusanye kila kitu mahali pamoja na kukigawanya katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni karatasi za kudumu. Ndizo hati za kiwanja, barua ya kukubaliwa kwa kanisa, rejista za ubatizo, za ndoa na za watoto waliobarikiwa, na PV za mikutano mikubwa. Hizi hazitupwi kamwe. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, umiliki wa kiwanja katika nchi yetu huthibitishwa kwa hati ya usajili, ile tunayoita sertifika. Miaka miwili ikipita tangu ilipotolewa, si rahisi tena mtu kuipinga. Lakini makanisa mengi ya vijijini hayajafika hapo. Yana karatasi ya mauzo tu, au karatasi iliyosainiwa na mwami au chefu wa lokalite. Kanisa lenye karatasi moja tu ya namna hiyo linapaswa kuilinda kuliko lile lenye sertifika, kwa sababu hakuna biro ya serikali yenye nakala yake.

Rejista ya watoto nayo ina thamani kuliko tunavyofikiri. Sheria yetu inataka mtoto aandikishwe kwa ofisa wa serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Tunajua wazazi wengi hawakufanya hivyo, hasa waliokuwa wakikimbia vita. Baadaye familia inapokwenda mahakamani kuomba hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa, rejista ya kanisa inaweza kusaidia kuonyesha tarehe.

Fungu la pili ni karatasi za fedha: kitabu cha hazina, risiti, karatasi za benki, ripoti za sadaka. Nchi yetu iko katika OHADA tangu mwaka 2012, na kanuni zake za hesabu zinataka vitabu na vithibitisho vitunzwe miaka 10. Tangu tarehe 1 Januari 2024 kuna pia kanuni za OHADA kwa ajili ya mashirika yasiyotafuta faida. Basi tuhesabu nafasi ya miaka 10, si ya mwaka mmoja.

Fungu la tatu ni karatasi za kila siku: barua, programu, dosie za masomo na za vituo vya afya, dosie za watumishi na mikataba yao ya kazi.

Fungu la nne ni karatasi za siri. Hapa tunaweka mambo ya ushauri wa kichungaji, ya nidhamu, ya ugomvi wa ndoa, na hasa habari za wamama na wasichana waliotendewa jeuri na kuja kanisani kutafuta msaada. Tutarudi kwa fungu hili, maana linataka kufuli yake peke yake.

Aina nne za kabati

Aina ya kwanza ni kabati la madroo, ambayo wengi wetu tunaita matirwari. La kawaida lina droo nne, moja juu ya nyingine, na ndani yake dosie huning'inia kwenye vyuma viwili vya pembeni. Linafaa kwa dosie nyingi ndogondogo zinazotafutwa kila siku: dosie moja kwa kila mwalimu, moja kwa kila mtumishi, moja kwa kila parokia. Uzuri wake ni kwamba unavuta droo na kuona majina yote mara moja. Ubaya wake ni bei, na vyuma vya kutelezea droo. Vikiharibika, si kila fundi anaweza kuvitengeneza.

Aina ya pili ni kabati refu la milango miwili lenye rafu ndani. Linafaa kwa klaseri, rejista kubwa na maboksi. Kwa parokia nyingi hili ndilo bora. Fundi wa vyuma wa mtaani anaweza kulitengeneza, halina kitu chepesi kuharibika, na rafu zake zinapokea vitu vya vipimo vyote. Rejista ya ubatizo iliyo pana haiingii vizuri katika droo, lakini katika rafu inalala bila shida.

Aina ya tatu ni rafu wazi, yaani etajeri bila milango. Ni rahisi na haifungii unyevu ndani. Lakini vumbi, panya na mikono ya wapita njia vinaifikia. Tunaikubali tu katika chumba ambacho mlango wake una kufuli nzuri na ambamo watu hawapiti.

Aina ya nne ni sanduku la chuma lenye mikono miwili, kama lile wanafunzi wa internati wanalobeba. Wengi hawalihesabu kama kabati, lakini kwa makusanyiko yetu sisi tunaliweka mbele. Linabebeka. Katika eneo ambalo watu wamekimbia mara mbili au tatu, uwezo wa kubebeka ni kipimo cha kwanza.

Hesabu ya nafasi na uzito

Tuchukue mfano wa parokia yenye shule moja ya msingi. Tuseme kila mwaka inajaza klaseri tano: moja ya fedha, moja ya barua, moja ya ripoti na PV, mbili za shule. Klaseri kubwa ina unene wa sentimita 8 hivi. Rafu ya upana wa sentimita 90 inapokea klaseri 11. Kabati la milango miwili lenye ngazi tano linapokea klaseri 55. Miaka 10 kwa klaseri tano ni klaseri 50. Kwa hiyo kabati moja la namna hiyo linatosha parokia ile kwa miaka yote 10, na nafasi ndogo inabaki. Kila kusanyiko lifanye hesabu yake kwa njia hiyohiyo kabla ya kuomba bei.

Sasa uzito. Remu moja ya karatasi za A4 za kawaida, yaani karatasi 500, ina kilo 2 na nusu na unene wa sentimita 5 hivi. Klaseri iliyojaa ina uzito unaokaribia kilo 3. Rafu yenye klaseri 11 inabeba kilo 30 hivi. Rafu ya bati jembamba isiyokunjwa pembeni itapinda katikati kabla ya mwaka kuisha. Tumwambie fundi akunje kingo za rafu na kuweka chuma cha kushikilia chini katikati. Mtu mzima akandamize rafu kwa mikono yake miwili kabla ya kulipa. Ikipinda, irudi kwa fundi.

Droo moja ndefu iliyojaa inabeba kilo 20 hadi 25. Droo nne ni karibu kilo 100. Hapa kuna hatari ambayo watu hawaijui: kabati la madroo huanguka mbele mtu akivuta droo mbili za juu kwa pamoja, hasa kama za chini ni tupu. Limeshajulikana kuumiza watu, na watoto hupenda kupanda kwenye droo. Tuchague lenye kizuizi kinachoruhusu droo moja tu kufunguka kwa wakati mmoja. Kama halina, tulifunge ukutani kwa skrubu, na siku zote vitu vizito viende droo ya chini.

Tupime pia chumba. Kabati la madroo lina kina cha sentimita 60 hivi. Droo ikivutwa yote inaongeza karibu 60 nyingine, na mtu anahitaji 60 za kusimama. Jumla ni mita 1 na sentimita 80 kutoka ukutani. Biro nyingi za parokia hazina nafasi hiyo. Kabati la milango miwili linahitaji kidogo: kina cha sentimita 45, mlango wa sentimita 45, na mahali pa kusimama.

Kwa wanaonunua madroo, jambo moja dogo: dosie za kuning'inia zina vipimo mbalimbali, kama sentimita 33 na sentimita 39 kati ya ndoano. Tuchukue dosie moja kwenda nayo dukani na kuijaribu ndani ya droo. Tumeona makabati mazuri yanayolala bila kazi kwa sababu dosie zinazopatikana sokoni haziingii.

Mbao au chuma?

Mbao zetu ni nzuri. Libuyu na muvula, zikikauka vizuri, zinatoa kabati litakalodumu kizazi kizima. Lakini mara nyingi seremala anatuuzia eukaliptusi mbichi, iliyokatwa mwezi uliopita. Ikikauka inajikunja, milango haifungiki tena, na kufuli inakosa mahali pa kushika. Tena kuna mchwa. Kabati la mbao lililosimama moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo ni kama chakula kilichoandaliwa. Anayechagua mbao aulize zimekaushwa muda gani, apake dawa ya kuzuia wadudu, na aweke miguu juu ya matofali au chuma.

Chuma hakiliwi na mchwa wala panya. Lakini kina adui wawili. Wa kwanza ni kutu, hasa karibu na maziwa yetu na katika milima yenye ukungu. Rangi ipakwe ndani na nje, na sehemu zilizounganishwa kwa moto zisafishwe kabla ya kupakwa. Adui wa pili ni kujidanganya. Watu wengi wanaamini kwamba kabati la chuma linazuia moto. Sivyo. Bati la kawaida, lenye unene usiofika milimita 1, linapitisha joto upesi, na karatasi zilizo ndani zinaungua kama mkate ndani ya tanuru. Kuna makabati yaliyotengenezwa kwa ajili ya moto, yenye kuta nene, ambayo hupimwa ili joto la ndani lisizidi digrii 177 kwa muda wa saa moja au zaidi. Lakini ni mazito mno na bei yake inapita uwezo wa parokia nyingi.

Hata hayo yana mpaka. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katikati ya mji wa Goma na kufunika nyumba na biro. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena na kumeza nyumba za upande wa kaskazini. Hakuna kabati linaloshindana na mto wa mawe ya moto. Dawa yake ni nyingine: nakala iliyo mahali pengine.

Mahali pa kuliweka

Kabati zuri likiwekwa mahali pabaya ni hasara. Lisigusane na ukuta wa nje, kwa sababu ukuta huo huleta unyevu. Tuache sentimita 5 hadi 10 za hewa nyuma yake. Lisikae chini ya dirisha wala chini ya mahali ambapo bati la nyumba linavuja. Liwe na miguu ya sentimita 10 angalau. Katika maeneo ya mafuriko miguu hiyo haitoshi. Ndugu zetu wa Uvira waliona maji ya Mulongwe mwezi wa Aprili 2020, na wale wa Kalehe waliona maji na matope huko Bushushu na Nyamukubi mwezi wa Mei 2023. Katika sehemu kama hizo, karatasi za kudumu zikae rafu ya juu kabisa, au katika nyumba iliyo juu ya mlima.

Siku za jua, milango ya kabati ifunguliwe saa chache ili hewa ipite. Kwenye karatasi za kudumu tuondoe vyuma vidogo vya kubana, maana vinashika kutu na kutoboa karatasi. Tuondoe pia mipira ya kufungia, kwa kuwa joto huiyeyusha. Tena tusizipitishe hati za asili kwenye mashine ya kuziba plastiki. Plastiki ile haitoki tena bila kuharibu karatasi, na muhuri au saini haiwezi kuchunguzwa vizuri. Mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja unatosha.

Kufuli, funguo na siri za watu

Kufuli ndogo zinazokuja na makabati ya dukani ni dhaifu. Mara nyingi ufunguo wa kabati moja unafungua la jirani. Tunashauri fundi aunganishe chuma cha kupita mbele ya milango au droo zote, na mwisho wake uwekwe kadena nzuri. Funguo ziwe kwa watu wawili, kwa mfano sekreteri na mzee mmoja, na majina yao yaandikwe katika PV ya baraza. Mchungaji asiwe peke yake mwenye ufunguo. Si kwa sababu hatumwamini. Mchungaji huhamishwa, huugua, hufa. Karatasi ni za kanisa na lazima zibaki hata yeye akiondoka.

Sasa turudi kwa fungu la nne. Mama aliyetendewa jeuri na akapata ujasiri wa kusema, ameweka maisha yake mikononi mwetu. Karatasi yake ikisomwa na kijana anayefagia biro, habari itafika sokoni kabla ya jioni. Mumewe anaweza kumfukuza. Waliomtendea wanaweza kumtafuta. Kwa hiyo dosie hizi zisichanganywe na nyingine hata siku moja. Ziwe na sanduku dogo lenye kadena yake, ndani ya kabati kubwa, na ufunguo wake uwe kwa mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo na msaidizi wake. Juu ya dosie iandikwe namba, si jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mahali pengine. Wala tusizipige picha kwa simu na kuzituma.

Vivyo hivyo kwa orodha za waliopokea msaada, au za wakimbizi waliolala kanisani. Orodha iliyoandikwa kwa upendo leo inaweza kuwa hatari kesho ikiangukia mikononi mwa watu wabaya. Tuandike yale tu yanayohitajika, na muda wake ukiisha, baraza liamue zichomwe, na PV iandikwe.

Siku ya kukimbia

Hatuwezi kuandika juu ya kabati mashariki ya Kongo bila kusema neno hili. Biro zimeporwa. Milango imevunjwa, makabati yamebebwa, na karatasi zimetumika kuwashia moto. Kabati kubwa halikimbii pamoja na watu.

Kwa hiyo tunashauri kugawanya. Kabati kubwa lipokee mambo ya kila siku na ya fedha. Sanduku la chuma lipokee karatasi za kudumu tu, na lisizidi kilo 15, ili hata mtu mmoja aweze kulibeba mbali. Baraza lichague mapema watu wawili watakaolichukua, na wengine wawili wa kuwasaidia kama wa kwanza hawapo. Baraza liamue pia mahali litakapopelekwa, na watu hawa tu wajue.

Lakini tuseme wazi: karatasi si uhai. Hakuna mtu anayepaswa kurudi chini ya risasi kwa ajili ya sanduku. Mtoto, mgonjwa na mzee wanabebwa kwanza. Njia ya kuwa huru kuliacha sanduku ni kuwa na nakala mahali pengine, kama Yeremia alivyokuwa na mbili. Fotokopi ya kila hati ya kudumu iende kwenye biro ya distrikti au makao ya jumuiya. Picha safi za hati na za kurasa za rejista ziwekwe katika flash mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Picha haichukui nafasi ya hati ya asili mbele ya hakimu, lakini inaonyesha kwamba hati ilikuwako, inatoa namba na tarehe yake, na hivyo inafungua njia ya kuitafuta upya.

Basi tuchague lipi?

Kwa kanisa dogo au chapeli yenye karatasi chache, sanduku la chuma moja lenye kadena linatosha. Fedha inayobaki ifanye fotokopi.

Kwa parokia yenye shule au kituo cha afya, tuchukue kabati la chuma la milango miwili lenye ngazi tano, lililotengenezwa na fundi wa karibu, pamoja na sanduku moja la kubeba na sanduku dogo la siri.

Kwa biro ya distrikti au makao ya jumuiya, ambako dosie za watumishi wengi hutafutwa kila siku, kabati la madroo manne lina faida yake. Liongezwe juu ya makabati ya rafu. Lisichukue nafasi yake.

Wakati wa kununua, tuombe bei kwa mafundi watatu, kwa karatasi yenye vipimo vilevile: urefu, upana, kina, unene wa bati, idadi ya rafu, kufuli, rangi. Tukinunua lililotumika, tuvute kila droo hadi mwisho, tuangalie kutu chini, tujaribu funguo zote. Tusilipe fedha yote kabla ya kuliona limesimama wima, milango ikifunga bila kusukumwa.

Siku litakapofika, kazi ndiyo inaanza. Kila klaseri iandikwe mwaka na jina mgongoni. Orodha ya vilivyomo ibandikwe ndani ya mlango. Anayetoa dosie aandike jina lake na tarehe katika daftari. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mkutano mkuu, wazee wawili wakague na kutoa ripoti. Bila desturi hii, kabati la bei kubwa litageuka kuwa katoni yenye milango.

Tunaomba kila baraza liweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake unaofuata, na maswali matatu yaulizwe: Hati ya kiwanja chetu iko wapi usiku huu? Nani mwingine anajua? Na nakala yake iko wapi? Kusanyiko lisiloweza kujibu swali la tatu lianze na fotokopi kesho asubuhi, hata kabla ya kumwita fundi.

Mungu awape hekima, na awalinde ninyi pamoja na wote mnaowatunza.